Neno "temper" la Kingereza: kutuliza ao kukomaza?

Mapadri, wanaseminari na walimu wa dini wanaosoma vitabu vya Kingereza wanajua taabu hii. Wanakutana na neno "temper". Mahali pamoja mtu ametuliza ukali wa mwenziwe, na mwandishi anasema "temper". Mahali pa pili mfua chuma amekomaza upanga, na mwandishi anasema tena "temper". Mahali pa tatu mtoto amekasirika na kuvunja sahani, na neno ni lilelile. Wanafungua kamusi na kupata mlolongo: kupunguza, kuchanganya, kukomaza, tabia, hasira. Basi wengi wanashika neno la kwanza na kuendelea na safari. Tunaona kwamba njia hiyo si njema, na tunataka kuonyesha kwa nini.

Labda mtu atatuuliza: sisi tuliofundishwa kwa Kilatini na Kifaransa, neno la Waingereza linatuhusu nini? Tunajibu: neno hili si mali ya Waingereza peke yao. Limetoka katika Kilatini, katika shina lilelile lililotupa jina la fazila ya nne kati ya fazila kuu, yaani temperantia, ambayo katika Kiswahili cha dini tunaiita kiasi. Anayefasiri "temper" vibaya, yafaa ajiulize kama amekwisha kufahamu kiasi vizuri. Hapo ndipo penye shauri letu. Kosa la mfasiri linaweza kuwa kosa la mhubiri, na kosa la mhubiri linaingia katika maisha ya wakristu.

I. Asili ya neno

Kwa Kilatini, temperare maana yake ya kwanza ni kuchanganya vitu viwili ao zaidi kwa kadiri inayofaa. Warumi walitia maji katika divai yao, na kazi hiyo waliiita temperare. Maji hayo hayakuwa ya kuharibu divai. Yaliifanya iwe njema ya kunywewa mezani pamoja na watu. Padri anapotia maji kidogo katika kalisi wakati wa matoleo, anafuata desturi hiyo ya kale, ambayo Eklezya imeipa maana yake ya fumbo.

Kutoka kuchanganya, neno lilifika kwenye kuzuia, sababu anayechanganya kwa kadiri anazuia kitu kimoja kisishinde kingine. Lilifika vilevile kwa waganga. Waganga wa Kigiriki, na Galenus baada yao, walifundisha kwamba ndani ya mtu mna majimaji manne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Mchanganyiko wake ndio ulioitwa temperamentum, na tabia ya kila mtu, walisema, inatoka humo. Uganga wa leo umeacha mafundisho hayo, lakini majina yake yamebaki katika lugha za Ulaya, hata katika vitabu vya malezi ya roho.

Kifaransa kilizaa watoto wawili kutoka shina hilo moja: tempérer na tremper. Anayesema tempérer anapunguza ukali. Anayesema tremper anachovya kitu katika maji, na kwa mfua chuma anakomaza feleji. Mfaransa wa leo hakumbuki hata kidogo kwamba hao wawili ni ndugu. Kingereza hakikutenga watoto. Kiliwaacha wote wakae katika nyumba moja, chini ya jina moja. Ndiyo sababu sisi tunaopitia Kifaransa tunajikwaa: tunataka kuchagua mtoto mmoja, na Mwingereza anawaita wote wawili mara moja.

II. Katika kiwanda cha mfua chuma

Maana ya kukomaza haifahamiki pasipo kujua kazi yenyewe. Chuma kisicho na kaboni kinabaki laini, hata ukikichovya mara kumi. Lakini feleji, yaani chuma chenye kaboni ya kutosha, ina ginsi yake. Mfua chuma anaitia motoni mpaka inakuwa nyekundu, kadiri ya digri 800 hivi. Kisha anaichovya gafula katika maji ao mafuta. Inatoka ngumu sana, hata tupa haiwezi kuila. Asiyejua kazi atasema kazi imekwisha. Fundi anajua kwamba bado, sababu feleji ya namna hiyo ni kama kioo: ikianguka juu ya jiwe inaweza kuvunjika.

Kwa hiyo anairudisha motoni mara ya pili, lakini kwa moto wa pole. Anaisugua kwanza ing'ae, apate kuona rangi zinazopita juu yake: rangi ya majani makavu karibu na digri 230, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu karibu na digri 300. Kila rangi ina kazi yake. Wembe unataka rangi ya majani makavu, sababu lazima ushike makali. Springi inataka buluu, sababu lazima ipinde na kurudi. Katika moto huo wa pili feleji inapoteza kidogo ugumu wake, na kwa kupoteza inapata nguvu ya kustahimili.

Sasa tuangalie maneno. Mafundi wa Kingereza wanaposema "temper" kwa usahihi, wanasema juu ya moto wa pili, ule unaolainisha. Mafundi wa Kifaransa wanaposema tremper, wanasema juu ya maji, yale yanayofanya ngumu. Moto wa pili wanauita revenu. Maneno mawili ya ukoo mmoja, na katika kiwanda yanataja matendo yanayopingana. Mfasiri anayeandika tremper kila mahali anapoona "temper" amegeuza kazi juu chini. Lakini watu wasio mafundi, huko Uingereza, wanapotaja feleji iliyopata "temper", wanafikiri tu kwamba ni feleji ngumu na ya kuaminiwa. Tunasema kwamba hata wao hawakukosa kabisa. Feleji ya kuaminiwa ni ile iliyofanywa ngumu na kisha ikalainishwa kwa kadiri. Kukomaza na kutuliza, katika kiwanda, ni hatua mbili za kazi moja.

III. Ushuhuda wa washairi

Waandishi wakubwa wa Kingereza walisikia mambo hayo yote katika neno lao. Shakespeare ametupa mifano mitatu mizuri. Katika mchezo wa Romeo na Juliet, rafiki wa Romeo anapigwa upanga na kufa. Romeo analalamika kwamba uzuri wa Juliet umemfanya kuwa kama mwanamke na kulainisha feleji ya ushujaa katika "temper" yake. Hapo neno lina maana ya moyo na maana ya chuma kwa mara moja. Lakini tuangalie hukumu ya Romeo. Anaona kulainishwa ni haya. Anatupa upole uliokuwa umeanza kumwingia, anamwua Tybalt, naye anafukuzwa mjini. Na misiba yote inayofuata inatoka hapo. Fundi angalimwambia kwamba feleji iliyolainishwa kidogo ndiyo isiyovunjika. Romeo alichukua ugumu kuwa ushujaa, na ugumu ukamvunja.

Othello, baada ya kumwua mke wake bila haki, anatwaa upanga wa Uhispania uliopata "temper" katika kijito cha baridi. Upanga huo umesifiwa kwa maji yake tu, hautajiwi moto wa pili. Ni sawasawa na mwenye upanga: jemadari mgumu, asiyeshindwa vitani, lakini uwongo wa mtu mmoja umempasua. Na mfalme Lear, alipoanza kuogopa kwamba akili zitampotea, aliomba mbingu zimshike katika "temper". Huyu hakuomba ugumu wala ulaini. Aliomba sehemu za nafsi yake zikae pamoja zisitawanyike.

Milton, katika shairi lake kubwa juu ya kupotea kwa Paradiso, lililotolewa mwaka 1667, alilipeleka neno mbali zaidi. Katika kitabu cha kwanza, ngao ya Shetani ina "temper" ya mbinguni, nzito na kubwa. Katika kitabu cha 4, mkuki wa malaika Ithuriel una "temper" ya namna hiyohiyo. Unapomgusa Shetani aliyejificha kama chura sikioni mwa Eva, uwongo wake hauwezi kusimama. Na katika kitabu cha 10, Mwana wa Mungu anayetumwa kuwahukumu Adamu na Eva anaahidi kwamba ataichanganya haki na huruma, na neno lake ni "temper". Ngao ya mwasi na hukumu ya Mwokozi zimepata neno moja. Hatusemi kwamba Milton alipanga hivyo kwa makusudi. Tunasema kwamba msomaji anayelijua neno anaona tofauti iliyo wazi: ugumu wa Shetani haukupata huruma, kwa hiyo haukumfaa kitu, haki ya Mwana imepata huruma, nayo ndiyo inayookoa.

Hata hivyo tuna neno la kumlaumu, si Milton tu, bali na wahubiri wanaoutumia msemo huo wa kuchanganya haki na huruma. Milton hakuwa mkatoliki, aliandika kwa ukali juu ya Eklezya ya Roma, na msomaji wetu lazima awe na hazari. Lakini lawama yetu hapa ni juu ya mfano. Tukifikiri juu ya divai na maji tu, tutasadiki kwamba huruma inapunguza haki, kana kwamba Mungu, kwa kuhurumia, amekuwa mwenye haki nusu. Mtakatifu Tomasi anakataa wazo hilo: anafundisha kwamba huruma haiondoi haki, bali ni kama utimilifu wake. Mfano wa divai hautoshi basi. Mfano wa feleji unafaa zaidi: moto wa pili hauondoi chochote kilichomo katika upanga, unautimiza.

IV. Ginsi neno lilivyogeuka hasira

Lakini kwa nini Waingereza wa leo wanaita hasira "temper"? Ni habari ya kuchekesha kidogo. Zamani "temper" ilikuwa utulivu, yaani mchanganyiko mwema wa tabia. Aliyekasirika walisema ameipoteza "temper" yake, na mpaka leo wanasema hivyo. Walisema vilevile "temper" njema na "temper" mbaya. Pole kwa pole, kwa kutajwa mara nyingi pamoja na ubaya, neno lenyewe likachafuka. Siku hizi wakisema fulani ana "temper", ni kusema ni mtu wa hasira. Basi mtu mwenye "temper" na mtu aliyepoteza "temper" ni mmoja: wote wawili wanapiga kelele. Mfasiri asiyejua historia hiyo atatatizwa. Sisi tuna methali fupi isiyopotea njia: hasira hasara.

V. Msemo wa mwanakondoo

Kuna msemo mmoja wa Kingereza ambao wahubiri wanaupenda: kwamba Mungu anatuliza upepo kwa ajili ya mwanakondoo aliyekatwa manyoya. Wengine wanasadiki kwamba ni maneno ya Biblia. Sivyo. Waingereza waliupata kwa Laurence Sterne, kasisi wa Kanisa la Uingereza, katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1768. Naye aliufuata msemo wa kale wa Wafaransa. Mhubiri anaweza kuutumia, lakini asiseme ni Maandiko Matakatifu.

Jambo la kuangalia ni tendo la Mungu katika msemo huo. Wafaransa wanasema Mungu anapima upepo. Sterne akaweka "temper" mahali pa kupima. Na sisi waswahili tumesimama upande wa Wafaransa, sababu kiasi ni neno la Kiarabu lenye maana ya kipimo. Kwa hiyo lugha yetu imeshika nusu ya maana, ile ya kupima. Nusu ya pili, ile ya moto, haimo katika neno letu.

VI. Maandiko na liturjia

Katika Barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 12, Mtakatifu Paulo anafundisha kwamba Mungu ameviunganisha viungo vya mwili na kukipa heshima zaidi kile kilichopungukiwa. Kigiriki chake ni neno la kuchanganya pamoja. Vulgata inasema temperavit. Wafasiri wa Kingereza, wakatoliki wa Rheims mwaka 1582 na waprotestanti wa mfalme James mwaka 1611, wote wawili walifuata na kuandika "temper". Hapa hakuna kupunguza wala hasira. Kuna mwili mmoja, wenye viungo visivyolingana, navyo vimepangwa ili visitengane.

Sekwensya ya Pentekoste inatufundisha pia. Inamwita Roho Mtakatifu temperies, yaani burudisho wakati wa joto. Kama tungaliishia hapo tungalisema: ni kutuliza basi. Lakini mbele kidogo sekwensya ileile inamwomba apinde kilicho kigumu na kutia moto kilichopoa. Roho mmoja anapoza na kuwasha. Anaangalia kitu kinachohitaji nini. Hatujui mahali pengine panapoeleza neno hili vizuri zaidi.

VII. Tunavyohubiri kiasi

Tunafika kwenye shauri lenyewe. Katika maneno ya kila siku, kiasi imekuwa ndugu ya kidogo. Mtu akisema anajua Kifaransa kiasi, tunafahamu kwamba anajua kidogo tu. Basi mkristu anapohubiriwa fazila ya kiasi, anasikia nini? Anasikia: kunywa kidogo, kula kidogo, kasirika kidogo. Mwingine mwenye akili za haraka anasikia zaidi: sali kidogo, penda kidogo, jitoe kidogo. Fazila imegeuka kuwa uvuguvugu, na uvuguvugu, kama Kitabu cha Ufunuo kinavyoonya, unamchukiza Bwana.

Mtakatifu Tomasi hafundishi hivyo. Kwake temperantia inatawala tamaa, hasa zile za chakula, kinywaji na mwili, ili zitii akili. Chini yake anaweka upole, unaotawala hasira, na rehema ya mkubwa, inayopunguza azabu. Lakini anasema vilevile kwamba kukosa hasira mahali akili inapoidai ni kosa. Kiasi chake si kidogo. Ni kadiri ile inayofaa kazi, kama rangi ya majani makavu kwa wembe na buluu kwa springi.

Hapa walezi wana neno la kukumbuka. Metali zote hazifuati sheria moja. Wayeke wa zamani za mfalme Msiri, aliyekufa mwaka 1891, walijulikana kwa ufundi wa kuvuta nyuzi za shaba. Basi shaba ina tabia yake: ukiipiga nyundo ao kuivuta inakuwa ngumu, ukiitia motoni na kuichovya majini inakuwa laini. Kinyume cha feleji. Anayewatendea vijana wote sawasawa, kwa maji yaleyale na moto uleule, atapata wengine wagumu mno na wengine wamelegea, na atashangaa. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 64 ya Kanuni yake, anamtaka abati aamuru mambo kwa kadiri, hata wenye nguvu wawe na jambo la kutamani, na wazaifu wasikimbie. Anamwonya pia asikwangue kutu mno, chombo kisije kikavunjika.

Wafasiri tunawashauri hivi. Msitafute neno moja la Kiswahili kwa "temper". Halipo, na si lazima liwepo. Panapo udongo, andikeni kukanda, sababu udongo uwahi ungali maji. Panapo unga na mafuta, andikeni kuchanganya. Panapo upanga, angalieni kama mwandishi anataja maji ao moto wa pili, kisha andikeni kukomaza ao kulainisha. Panapo haki na huruma, andikeni kutimiza kwa huruma, wala si kupunguza. Panapo mtu, someni ukurasa wote kwanza, mjue kama ni utulivu wake ao hasira yake.

Na wanaseminari tunawaambia jambo moja zaidi. Miaka ya seminari ni moto wa kwanza na maji. Anayetoka humo siku ya upadrisho ametoka mgumu, anang'aa, anakata. Asisadiki kwamba kazi imekwisha. Parokia, wagonjwa, maskini, mzee asiyejua kusoma anayemfundisha kusali, hao ndio moto wa pili. Atapoteza kidogo ule ugumu wake wa kwanza. Asiogope kuupoteza, sababu upanga wa kung'aa usiopita katika moto wa pili utavunjika siku ya kwanza ya vita.